Kupaka rangi helmeti ya pikipiki: niparue mpaka plastiki au nisiparue?

Mistari2
Wakuu, habari za jioni. Nina helmeti ya kufunika uso mzima, nyeusi ya kung'aa. Imechubuka kidogo pembeni, ila haijawahi kuanguka. Naitaka iwe nyeupe, na mistari miwili ya chungwa kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Ninayo makopo ya rangi ya kupulizia na msasa namba 120. Nimeshauriwa niparue rangi yote ya kiwandani mpaka plastiki, kisha nifute kwa thina. Ni sahihi? Na klia (ile rangi angavu ya juu kabisa ya kulinda) ipi inafaa?

MsasaWaMaji
Mkuu, hapana kwa yote mawili. Msasa 120 ni wa mbao na vyuma, utaacha mikwaruzo ambayo hakuna rangi itakayoificha. Thina ndiyo mbaya zaidi. Lile povu jeupe la ndani, linalofanana na la kufungashia televisheni, huyeyuka kwa thina, petroli na asetoni. Tone moja tu linachimba shimo, na povu hilo ndilo linalokula kishindo ukianguka.

Fungua bitana usome lebo. Helmeti zenye kiwango cha DOT cha Marekani hutakiwa kuandikwa ndani ganda ni la nini. Faiba huvumilia rangi za gari. ABS, aina ya plastiki ngumu, inahitaji tahadhari. Polikaboneti, plastiki nyingine, ndiyo yenye nongwa: thina ikiigusa hutoa nyufa nyembamba kama nywele, na nyingine huzioni kabisa kwa macho.

Kwa hiyo ile klia ya kiwandani usiitoe. Ndiyo ngao kati ya rangi yako na plastiki. Kazi yako ni kuua mng'ao tu, basi. Toa kioo na bapa zake za pembeni (piga picha skrubu kabla hujazifungua), vifuniko vya matundu ya hewa, mito ya mashavuni na mpira wa ukingoni. Povu usiling'oe. Osha ganda kwa sabuni ya vyombo, likauke, kisha ziba uwazi wote kwa karatasi na tepu ya mafundi rangi. Mkanda wa kidevuni uingize ndani.

Tumia msasa wa maji namba 600, na tone la sabuni kwenye maji. Angalia rangi ya yale maji: yakiwa meupe kama maziwa, unakwangua klia. Yakianza kuwa meusi umeshaitoboa na unakula rangi, acha hapo hapo. Ukimaliza, inamisha ganda kwenye mwanga. Panapong'aa bado hapajashika, na hapo ndipo rangi itakapobanduka kwanza.

Fundi_Undakoti
Naongezea kwenye kupuliza. Nyeupe juu ya nyeusi bila undakoti nyeupe (rangi ya msingi) utapiga mikono sita, yaani tabaka sita, na bado itaonekana kama maziwa yaliyotiwa maji. Piga undakoti mikono miwili miepesi, ikikauka pitisha msasa 800, halafu nyeupe mikono mitatu au minne. Kopo liwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye ganda, mkono utembee. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye ganda na uachie ukishalipita. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, usitake kufunika. Wanaotaka kufunika mara moja ndio rangi zao hutoa machozi, hasa juu ya kidevu. Kati ya mkono na mkono dakika 10 hadi 15.

Mistari: nyeupe ikae walau siku nzima, la sivyo tepu itaondoka nayo. Bandika tepu, kisha kabla ya chungwa puliza nyeupe kidogo kwenye kingo zake. Kinachopenya chini ya tepu kitakuwa nyeupe juu ya nyeupe, na mstari utatoka kama umekatwa kwa wembe. Bandua tepu wakati chungwa haijakauka kabisa, ukiivuta kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe.

Vishimo vidogo kama macho ya samaki vikitokea, hiyo ni silikoni: mtu kagusa ganda akiwa na polishi ya matairi mkononi. Usifukie kwa rangi zaidi. Acha ikauke, piga msasa, osha, rudia.

KliaMbiliMoja
Kuhusu klia: ile ya kopo isiyo na hadina (dawa ya kugandisha klia) inapendeza wiki ya kwanza tu. Ukiishika helmeti kwa mkono wenye petroli, inageuka gundi. Tafuta klia ya gari yenye hadina. Nyingi huchanganywa 2 kwa 1, lakini soma kopo. Mililita 100 za klia na 50 za hadina zinatosha mikono miwili. Hadina ina isosayanati, hiyo ni sumu ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, tumia yenye vichujio vya mkaa na upulizie nje. Siku ya mvua usipige, klia hupata ukungu.

Sehemu kioo kinapokaa ziba kwa tepu. Rangi ikizidi pale, kioo kinagoma kufunga.

Mistari2
Shukrani wakuu. Nimesoma lebo: polikaboneti. Na michubuko miwili imefika kwenye plastiki.

MsasaWaMaji
Basi ndugu, hapo rangi ya kopo isiguse hiyo michubuko, maana ina thina ndani. Soma na onyo lililo kwenye lebo hiyo hiyo. Likikataza rangi, usipake, nunua nyingine ambayo ganda lake ni faiba. Lisipokataza, tumia rangi ya akriliki ya maji mwanzo mwisho, hata undakoti, na klia yake iwe ya maji. Inakauka polepole, ipe siku mbili kabla ya kubandika tepu.

Fundi_Undakoti
Na unaporudisha mpira wa ukingoni usitumie gundi ya viatu. Ina thina ndani, italila povu ukingoni kote. Tumia tepu yenye gundi pande mbili. Usirudishe mito mpaka unuse ndani na usisikie harufu ya rangi. Juani juu ya bati usiiweke, ikauke kivulini.