Yule mhudumu wa samaki pale Rialto, Venice, Mungu anakuona!

Wakuu, salamu baadaye. Nimekaa ngazi za stesheni ya Santa Lucia, mikono inatetemeka, acheni nitapike hili jambo kwanza.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila aliyekanyaga Venice amepita mbele yake: unashuka daraja la Rialto, hatua chache tu, menyu ya mapicha imetundikwa nje, shati jeupe, nywele zimelala kwa mafuta, akiona ngozi nyeusi anaanza "jambo rafiki, hakuna matata". Huyo huyo. Leo ametupiga mimi na mama watoto mchana kweupe, halafu AKACHEKA.

Tumeshuka alfajiri na basi la usiku kutoka Munich. Ile ada ya kuingia mjini kwa wageni wa siku moja tumelipa, tena euro 10 kila kichwa, maana ukichelewa kulipia mapema ile ya 5 unaisahau. Sikulalamika. San Marco, ule uwanja mkubwa, tumepanga foleni kistaarabu, tumepanda mnara kwa lifti, ule ulioporomoka wote mwaka 1902 wakaujenga upya mpaka 1912. Juu kule unaona mapaa mekundu yote, maji, na kisiwa cha Lido kimejilaza. Mama watoto kapiga picha mpaka simu ikaomba poo. Mpaka hapo siku ilikuwa ya ndoa kabisa.

Njaa ikaingia. Kukaa chini pale uwanjani na kufungua mkate wako ni faini, wanakufukuza. Kwa hiyo tukaenda Rialto. Kwa huyo.

Menyu inasema samaki wa kuoka, euro 9. Tisa! Kijana akaleta samaki mzima mbichi kwenye trei, akamwonyesha mke wangu, "bello, signora?", yaani mzuri, mama? Mke wangu akatabasamu, maana amelelewa, mtu akikuonyesha chakula huwezi kumnunia. Kumbe lile tabasamu ndiyo sahihi ya mkataba.

Bili: samaki 117. Mkate na kitambaa cha meza, 4 kila mtu, mkate wenyewe hatukuugusa. Maji 5. Saladi 8. Juu yake asilimia 12 ya huduma. Jumla 154 na senti zake. Hiyo ni zaidi ya laki nne za Bongo kwa samaki mmoja! Kwa bei hiyo samaki alipaswa kuwa na pasipoti, na atusindikize mpaka Munich akitubebea begi.

Nikamwita. Nikauliza kwa upole. Akang'oa kifuniko cha peni kwa meno, kifuniko chenyewe cha bluu kimetafunwa kimebaki nusu, akavuta menyu, akazungushia duara herufi ndogo kama mayai ya chawa: bei ni ya kila gramu 100. Duara la kwanza. La pili. Karatasi ikachanika. Halafu, wakuu, hakunisogezea mimi. Alimsogezea MKE WANGU, akamgongea peni mezani, akasema: "Soma, signora. Soma." Akamgeukia mwenzake kaunta wakacheka.

Soma! Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto wa watu wamejua a-e-i-o-u kwa mdomo wake. Anagongewa peni, anaambiwa soma, na mtu anayetafuna vifuniko!

Hela sina neno nayo. Hela inatafutwa. Ile peni. Ile "soma". Tangu tumetoka pale mama watoto hajasema kitu, anafuta miwani tu, inafutwa haina hata vumbi.

Naomba kila anayemjua aseme hapa alimfanyia nini. Tumkomeshe.

Mzee wa Pweza: Siti ya mbele nimeshakaa. Endeleeni.

binti_Pangani: Pole kaka, na mpe pole wifi. Namjua huyo! Mimi alinipiga tambi nyeusi za wino wa ngisi, nikaambiwa kiti cha upande wa maji kina bei yake.

Mkaanga Chipsi: Mkuu hii chai. Samaki wa gramu 1,300 mmeletewa mezani, mmemwona kwa macho, mkadhani ni euro 9? Huyo hata soko la Feri humpati hivyo.

Mleta uzi: Wewe Mkaanga Chipsi ulikuwepo? Nimeongelea samaki au nimeongelea PENI? Aligonga peni mara mbili mbele ya uso wa mke wangu. Jibu hilo kwanza.

Mhandisi Mstaafu: Kijana, tulia. Italia samaki mzima na nyama ya mfupa mara nyingi huuzwa kwa uzito, kama hivyo kwa gramu 100, na ukiona kinyota pembeni ya jina la samaki maana yake alikuwa kwenye barafu. Hicho kinyota wengi hawakioni. Kuhusu kupigwa, hamkuanza nyie: mwaka 2018 Wajapani wanne, wanafunzi, walipigwa bili ya zaidi ya euro 1,100 hapo hapo Venice kwa nyama, samaki wa kukaanga na maji. Meya mwenyewe ilibidi aongee. Piga picha risiti, nenda kwa polisi wa manispaa, hao ndio wanaokagua migahawa. Ukishapanda basi imekula kwako.

Mleta uzi: Asante mzee wangu, shikamoo. Risiti ninayo, na menyu yenye duara nimeondoka nayo. Alitaka kuninyang'anya nikamwambia SOMA wewe.

kichwa_ngumu: Hapo umecheza.

mama Faraja: Nyie wanaume mnaniudhi. Wifi ametukanwa mbele yako na bado ukalipa? Na hiyo asilimia 12 ukalipa? Mume wangu angepindua meza ile na mfereji wote.

Mzee wa Pweza: Mama Faraja, mumeo yule yule tuliyemwona harusini anaogopa mbuzi?

mama Faraja: Huyo mbuzi alikuwa na pembe, usinianze.

Paris Mkavu: Bora nyie mmekula. Mimi na mchumba tulipanda zile ngazi za Sacré-Cœur, lile kanisa la kilimani, kaja kijana kanifunga uzi mkononi bila ruhusa, kaukaza, anataka euro 20. Mchumba anacheka, anadhani ni zawadi. Tukabaki na hela ya mkate na treni. Paris ndiyo baba wa kupigwa, Venice mtoto.

binti_Pangani: Paris huna la kusema, maji ya jagi mgahawani unapewa bure, ukiomba tu. Venice chupa euro 5.

Mhandisi Mstaafu: Venice pia kuna mabomba ya maji ya kunywa mitaani, bure, matamu. Watu hawainami tu.

shemeji_wa_Roma: Na ukiyanywa sana utatafuta choo, euro moja na nusu! Nimezunguka Ulaya na huyu mwenzangu ana kibofu cha kuku, choo kimetumaliza kuliko hoteli. Tungefungua uzi wa vyoo tuone nani kaumia.

kichwa_ngumu: Mmepanda mtumbwi lakini? Nasikia gondola ni 90 kwa nusu saa, ikifika saa moja usiku 110.

Mleta uzi: Tutapanda na nini, wakati ule mshenzi ameshatugongea peni? Mke wangu ndiyo kitu alichotaka tangu tumechumbiana. Nilikuwa nimeitenga hiyo hela! Samaki kaipandia gondola.

binti_Pangani: Kaka, mpandishe ile ya kuvusha watu Mfereji Mkuu, euro 2 tu. Mnasimama humo na wenyeji, dakika mbili mko ng'ambo. Ni gondola kweli. Kabla hamjarudi, mpandishe.

Mwana Forodhani: Mnawasema Wataliano, njooni Zanzibar na mzungu mmoja tu muone. Nimeenda Forodhani na shemeji yangu Mjerumani, mshikaki wa pweza ninaoujua bei yake tangu utotoni umepanda mara nne. Nikamwambia muuzaji mimi mtoto wa Malindi, akaniambia "wewe sawa, mgeni wako je?"

Mzee wa Pweza: Pweza msimguse.

Nairobi Baridi: Nyinyi wote mna bahati mnakula samaki. Mimi niko Verona, mwezi wa tatu sijaona ugali. Nani anajua unga unapatikana wapi huku kaskazini?

shemeji_wa_Roma: Uko kwenyewe na unalia njaa? Veneto, mkoa huo huo uliopo, ni watu wa polenta, ugali wao wa mahindi. Ingia dukani uliza ya mahindi meupe, siyo ya njano. Venice wanailia ngisi na dagaa. Ni sembe ile, wallahi.

Mkaanga Chipsi: Siyo sembe. Chenga zake kubwa, na wanaikoroga karibu saa nzima ikawa uji wa mgonjwa.

shemeji_wa_Roma: Kwa sababu umeipika Kitaliano. Punguza maji, songa kwa nguvu, dakika kumi na tano umemaliza. Mimi nakula kila Jumapili na mlenda wa kukausha.

mama Faraja: Mlenda unaupata wapi huko?

Nairobi Baridi: Nimeshafika dukani. Kuna meupe aina mbili, moja imeandikwa fine na nyingine inaonekana kama mchanga. Ipi?

Mkaanga Chipsi: Chukua laini. Ya mchanga utanikumbuka.

Mhandisi Mstaafu: Huku vijijini bibi zao waliipindua juu ya ubao wakaikata kwa uzi. Nimekula hivyo Treviso, ukikata ikiwa ya moto haishiki.

mama Faraja: Ugali unakatwa kwa uzi? Mhandisi, na wewe umeharibika. Hebu nijibuni suala la mlenda.