Mjadala: Anayeanza Linux huku akibaki na Windows, apewe distro ipi?

Mleta mada:

Wakuu, kila mgeni akiuliza aweke Linux ipi (distro, yaani Linux iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kando ya Windows, tunamrundikia majina. Huyu Ubuntu, yule Fedora, mwingine anamtupa kwenye Arch siku ya kwanza. Tulijadili kwa hoja, maana anayeuliza ana diski moja iliyojaa kazi zake, na tukimshauri ovyo anayeumia ni yeye.

Msimamo wangu ni Linux Mint, toleo la Cinnamon (jina la mwonekano wa menyu na madirisha yake). Menyu yake inafanana na ya Windows, na hilo linamsaidia mgeni, ila sababu yangu kubwa ni kwamba haina papara. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. Fedora ni mfumo mzuri sana, lakini toleo lake moja huhudumiwa takriban miezi 13, na mtu anayejifunza leo patisheni (kipande cha diski) ni nini hahitaji kuhamahama hivyo. Tena Mint inakuja na Timeshift: unahifadhi hali ya mfumo kabla ya sasisho kubwa, likiharibu kitu unarudi ulipokuwa. Faili zako binafsi Timeshift haizihifadhi kwa kawaida, kwa hiyo hizo zinakili kwenye diski ya nje.

Ila niseme wazi: umchagulie distro yoyote, asipoiandaa Windows ataumia. Laptopu nyingi za Windows 11 huwa na diski iliyokwisha kufungwa kwa BitLocker (usimbaji fiche wa Windows) bila mwenyewe kujua. Ukigusa mipangilio ya Secure Boot (ulinzi unaokagua programu zinazowasha kompyuta), Windows inaweza kugoma kuwaka mpaka uandike ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike pembeni kabla hujaanza. Fast Startup nayo izime, kwa sababu ikiwa hai Windows haizimiki kabisa, inalala tu. Ukiingia Linux unakuta patisheni ya Windows inasomeka lakini huwezi kuhifadhi kitu humo. Nafasi ya Linux itenge ukiwa ndani ya Windows, kwa programu yake ya Disk Management. Halafu washa Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti, na kama laptopu inaamka vizuri baada ya kulala.

Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, kwenye maandalizi tuko pamoja. Kwenye Mint nakupinga. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, huzijaribu na kuziidhinisha laptopu za kampuni kama Dell na Lenovo kwa ajili ya Ubuntu, na mgeni akikwama, maelekezo mengi atakayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya Ubuntu. Jingine: Cinnamon kwa kawaida bado inategemea X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Mtu mwenye skrini kali ya laptopu aliyeunganisha na skrini ya kawaida atahangaika kusawazisha ukubwa wa maandishi. Ubuntu inatumia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyohiyo, na inalimudu hilo vizuri zaidi. Kwa nini umpe mgeni mtoto wakati mama yupo?

Mleta mada:

Hoja ya skrini mbili nakubali, mwenye hali hiyo aende Ubuntu. Ya maelekezo sikubali. Mint inatumia apt ileile (amri ya kusakinisha programu), kwa hiyo maelekezo mengi ya Ubuntu 24.04 yanafanya kazi humo bila kubadilisha herufi. Kinachonikera Ubuntu ni kulazimisha snap, vifurushi vya programu vya Canonical yenyewe: mgeni anaomba Firefox kwa apt, analetewa snap. Mint imekataa hilo, na naona imefanya vema.

Mchangiaji wa pili:

Nyote mnasahau kwamba Windows yenyewe inaweza kuvuruga. Agosti 2024 sasisho la Windows liliwafanya baadhi ya watu wenye mifumo miwili washindwe kuwasha Linux, Secure Boot ikiikataa. Distro haikuwa na kosa pale zaidi ya kuwa na shimu (programu ndogo inayowasha Linux chini ya Secure Boot) ya zamani. Mimi namwambia mgeni mwenye laptopu ya nafasi mbili za diski aiweke Linux kwenye diski yake peke yake, na patisheni yake ya EFI (yenye faili za kuwashia mfumo) humohumo.

Mleta mada:

Hapo sina ubishi. Mwenye nafasi ya pili afanye hivyo. Lakini laptopu nyingi nyembamba zina nafasi moja tu, na hao ndio ninaotaka tuwajibu. Mchangiaji wa kwanza, hao bado unawapeleka Ubuntu?