Maporomoko ya juu hatukufika

*Kikundi: Familia na Marafiki*

IJUMAA USIKU

Rehema: Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi. Kesho ndiyo safari yetu ya maporomoko mawili ya msituni, ya chini na ya juu. Tunakwenda wanne: mimi, Baraka, Neema na Tumaini. Tunaanza kutembea saa 1 asubuhi. Kilomita 7 kwenda, na jumla ya kupanda ni mita 450.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Na kurudi je?

Rehema: Ikifika saa 7 mchana tunageuza, popote tulipo. Kule mtandao hakuna kabisa, kwa hiyo mkiona tiki moja msishtuke. Ila saa 12 jioni ikifika hamjatusikia, Shangazi, ndipo uwapigie walinzi wa msitu. Namba nimekutumia pembeni pamoja na ramani, njia nimeichora kwa nyekundu.

Shangazi Mwanaidi: Nimeandika yote kwenye karatasi, nimeibandika mlangoni. Hii simu yangu chaji haikai.

Baraka: Dada Rehema, kilomita 7 si saa moja na nusu tu? Tutakaa huko juu tunangoja nini?

Babu Hamisi: Marahaba wanangu. Baraka, hiyo ni hesabu ya barabarani. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Kila kilomita 5 hesabu saa nzima, halafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. Haya, piga.

Neema: Dakika 84, jumlisha 45. Saa 2 na dakika 9.

Babu Hamisi: Na hapo ni njia kavu, hujakaa chini hata mara moja. Mna mizizi, matope na mto wa kuvuka. Wekeni saa 3.

Rehema: Ndizo nilizoweka Babu 🙏

Tumaini: Maji tubebe kiasi gani? Si tunakwenda kwenye maji?

Rehema: Lita 2 kila mtu. Yale ya mtoni yanang'aa mpaka unatamani kuinama unywe, lakini huko juu yanakotoka kuna wanyama wanaoingia humo humo. Tukiishiwa nina jiko dogo, tunachemsha. Yakitokota vizuri kwa dakika 1 yanafaa. Kila mtu abebe tochi, hata kama tunarudi mchana, maana chini ya miti giza huwahi. Na ramani ipakueni usiku huu. Simu inajua mlipo hata bila mtandao, ila ramani yenyewe haiji bila mtandao. Mkifika, wekeni simu hali ya ndegeni. Ikishinda inatafuta mawimbi msituni, mchana haifiki.

Neema: Mimi nina viatu vipya 😍

Rehema: Umeshatembea navyo?

Neema: Dukani.

Rehema: Neema mdogo wangu, vaa vya zamani. Nakusihi.

Babu Hamisi: La mwisho kabla sijalala. Msiruke kwenye bwawa la chini ya maporomoko. Pale maji yamejaa mapovu, na mapovu hayambebi mtu kama maji yenyewe. Tena mkondo unazunguka, unakurudisha chini ya maji yanayoanguka. Hata anayejua kuogelea unamshinda.

JUMAMOSI

Rehema (12:50 asubuhi): Tumefika mwisho wa barabara. Mtandao unakatika. Kwaherini kwa sasa.

Shangazi Mwanaidi (5:15): Mmefika jamani? Huku naona wingu zito kule milimani.

Shangazi Mwanaidi (7:40): Limekuwa jeusi kabisa.

Shangazi Mwanaidi (8:30): Baba, bado tiki moja.

Babu Hamisi: Saa 12 haijafika, Mwanaidi.

Shangazi Mwanaidi: Najua. Nimekaa hapa mlangoni na karatasi yangu.

Rehema (9:22 alasiri): Tuko kwenye gari, wote wanne, wazima. Shangazi, pole kwa kukuweka roho juu.

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Haya, semeni.

Tumaini: Maporomoko ya kwanza tuliyasikia robo saa kabla ya kuyaona. Unatembea, mngurumo unakua, halafu hewa inabadilika, inakuwa baridi na majani yote yanadondosha maji wakati hakuna mvua. Nyuma ya pazia la maji kuna kama pango. Tulisimama pembeni yake hakuna aliyesema neno.

Babu Hamisi: Hilo pango maji yamelichimba yenyewe. Mwamba wa juu ni mgumu, wa chini ni laini. Wa chini unaliwa, wa juu unabaki unaning'inia, siku moja unavunjika na maporomoko yanarudi nyuma kidogo. Niagara yamerudi nyuma hivyo kama kilomita 11 katika miaka 12,000 hivi.

Neema: Babu, sisi tulikaa chini ya huo unaoning'inia 😳

Babu Hamisi: Ndiyo maana hakuliwi chakula pale.

Shangazi Mwanaidi: Na ya juu? Si mlisema yako mawili?

Baraka: Hatukufika. Zilibaki dakika 20 hivi. Tulikuwa tunayasikia. Dada Rehema aligeuza saa 6 kasorobo, si saa 7 kama tulivyokubaliana. Jua lilikuwa linawaka, mama. Iliniuma sana.

Rehema: Ilikuuma na mimi niliona. Ngoja nieleze. Mto tulikuwa tumeshauvuka kwa kukanyaga mawe, na maji yalikuwa meupe, unahesabu kokoto chini. Nikasimama kujaza kofia maji nijimwagie kichwani, nikaona yana rangi kama ya chai. Halafu vikapita vijiti, na majani mabichi. Si makavu, mabichi, yamechanwa. Nikajua juu huko kumenyesha, na gari letu liko ng'ambo.

Babu Hamisi: Hapo huulizi mtu. Mvua inanyesha kwenye chanzo, wewe uko juani, na mto unakuletea habari. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinamwangusha mtu mzima.

Rehema: Tulipofika kwenye mawe, mawili yalikuwa yameshaanza kupitiwa. Tulifungua mikanda ya mabegi ili mtu akianguka aweze kulivua, tukavuka mmoja mmoja. Tumaini aliteleza kwenye jiwe la mwisho, goti limechubuka. Ni ule utando mweusi, huuoni mpaka umeukanyaga.

Tumaini: Nimeshaliosha. Haliumi sana.

Neema: Mimi nilipiga picha. Hii ya kwanza ni saa 5 na nusu tukivuka kwenda. Hii ya pili ni saa 6 na robo, kutoka ukingo wa pili, tumeshavuka.

*[picha] [picha]*

Shangazi Mwanaidi: Ya pili mbona sioni mawe?

Neema: Hayapo shangazi. Ni mahali pale pale, angalia ule mti ulioinama.

Baraka: Mimi hizi picha sikuwa nimeziona. Nilikuwa nimenuna, nimetangulia mbele. Dada Rehema, nisamehe.

Rehema: Hakuna cha kusamehe kaka. Yale ya juu nayataka kuliko wewe. Kiangazi, wiki ambayo haijanyesha milimani, tunarudi.

Baraka: Mimi wa kwanza kuandikwa.

Shangazi Mwanaidi: Na Neema mbona kimya kuhusu viatu?

Neema: Nilivaa vipya 😔 Kisigino cha kulia kina lengelenge kama shilingi. Lilianza kuwaka moto nusu saa ya kwanza, nikaona aibu kuwasimamisha wenzangu.

Rehema: Ungesema tungebandika plasta pale pale, dakika 2 tu. Kurudi ndiko tulikochelewa. Usilipasue, lifunike.

Babu Hamisi: Na viatu vikilowa msivikaushe motoni, gundi itaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo. Magazeti badilisha kabla ya kulala.

Shangazi Mwanaidi: Karatasi naibandua sasa. Endesheni taratibu.