Koti la sufu la marehemu baba linaliwa kabatini, naombeni msaada

Binti wa Gungu (Kigoma)

Habari za jioni wana jamvi. Baba yangu alikuwa gadi wa treni, miaka yote akipanda na kushuka kati ya Tabora na Kigoma mpaka alipostaafu. Katuachia koti la sufu, buluu iliyokolea, vifungo vya shaba. Jumapili nimelitoa ili kaka alivae kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mzee atutoke, nikakuta matundu. Nimeyahesabu, ni tisa: mawili kwenye kola, manne kwapani, matatu chini ya mfuko wa kushoto alikokuwa anaweka tiketi.

Kinachonichanganya, vitenge vilivyokunjwa rafu hiyohiyo havijaguswa hata kimoja.

Usiku kuna nondo wa kahawia wanazunguka taa ya sebuleni. Ukutani kuna vile vifuko bapa vya kijivu, kama mbegu ya tikiti, vinajikokota polepole. Mwizi ni yupi hapo? Jirani kaniambia nipulizie kabati zima dawa ya mbu halafu nifunge. Ndani kuna mtoto wa miezi mitano, naogopa.

Mzee wa Mwanga

Pole sana binti. Usihangaike na dawa ya mbu. Nunua zile tembe nyeupe za naftalini, tia mbilimbili kila mfuko wa koti na nyingine katikati ya nguo za mtoto ili zisifuatwe. Sisi tumekua nazo.

Mama Pacha wa Kibirizi

Shikamoo mzee wangu, naomba nikupinge kwa heshima. Naftalini kwenye nguo za mtoto, HAPANA. Mtoto wa dada yangu alifunikwa blanketi lililotoka kwenye sanduku la naftalini bila kuanikwa. Siku ya tatu macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa blanketi limehifadhiwa na nini. Ule mvuke unaweza kupasua chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinachozilinda chembe hizo, na huku kwetu kwenye malaria upungufu huo ni wa kawaida. Kwa macho humjui aliye nao. Na tembe yenyewe, mtoto anayetambaa anaiona pipi.

Mzee wa Mwanga

Marahaba mama. Hilo la damu sikulijua. Binti, futa niliyosema.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Pole mwanangu, Mungu amrehemu baba. Nimeshona na kukarabati suti na makoti hapa Tabora miaka 26, na koti kama hilo siachi life.

Tuanze na mwizi. Wale wanaozunguka taa waache, si wao. Nondo wa nguo anakimbia mwanga. Ukifungua kabati utamwona anakimbia kwa miguu kuingia kwenye mkunjo. Ni mdogo, hazidi punje ya mchele, rangi ya majani makavu, anang'aa kidogo. Na hata huyo hali nguo, maana akishakuwa nondo hana mdomo wa kulia. Anayekula ni mtoto wake, kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50, na kwa joto letu yanaanguliwa ndani ya siku chache tu.

Vitenge vimepona kwa sababu ni pamba. Kiwavi huyu anatafuta keratini, ile iliyo kwenye sufu, manyoya na nywele. Pamba ataing'ata ikiwa na jasho au mchuzi. Ndiyo maana koti limeliwa kwenye kola na kwapani kwanza: pale pana sufu na chumvi ya mwili wa mzee kwa pamoja.

Sasa vile vifuko vya ukutani. Huyo ni ndugu yake, anapenda nyumba zenye unyevu, na ninyi wa ziwani mnao wengi. Chakula chake kikubwa ni utando wa buibui na nywele zilizodondoka. Sufu anaweza kuionja, ila mimi kesi nyingi sikuti ni yeye. Kuna nondo wa nguo mwingine ambaye naye hubeba kifuko, na wanawachanganya hao wawili. Tofauti iko kwenye kitambaa cha kifuko. Wa ukutani anajishonea kwa vumbi na mchanga, kikawa bapa na kijivu. Wa nguo anajishonea kwa nyuzi za nguo anayoila. Geuza bitana ya koti, angalia chini ya kola na ndani ya mfuko kwa tochi, uniambie umeona rangi gani.

Binti wa Gungu

Shikamoo fundi. Nimetazama sasa hivi. Vipo vitatu chini ya kola, vidogo vya mviringo, na ni BULUU. Nywele zimenisimama.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Marahaba mwanangu. Basi umempata. Usilikung'ute ndani ya nyumba, litoe uwanjani. Pitisha brashi ngumu kwenye kila mshono, pembe za mifuko na chini ya kola, kwa sababu mayai huyaoni.

Kisha uue kwa joto au kwa baridi, dawa haihitajiki. Sisi huku kiangazi tunatumia jua: koti likiwa kavu kabisa, lizungushie shuka, halafu lifunge ndani ya nailoni nyeusi, ile inayouzwa kwa mita maduka ya vifaa vya ujenzi. Laza juu ya bati saa tano asubuhi, geuza saa saba, toa saa tisa. Ndani ikizidi nyuzijoto 50 na kukaa hivyo muda wa kutosha, hakuna yai wala kiwavi anayebaki. Ila jua lisiwe la kubahatisha. Kwenu kama mvua zimeanza, tafuta friza. Funga koti kwenye nailoni mbili, sukuma hewa yote nje, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu iyeyuke, anza kuhesabu upya. Ukilitoa usifungue haraka, liache kutwa nzima lipate joto la chumba, la sivyo umande utaingia kwenye sufu.

Wakati koti liko huko, toa kila kitu kabatini. Futa kwa maji moto ya sabuni, nyufa zote, na nyuma ya kabati pia. Angalia na dari. Kama shomoro wamejenga juu yake, manyoya ya kiota ndiyo shamba lao, utasafisha kabati hadi uchoke na watakuwa wanashuka tu. Na sweta yoyote ya mtumba isiingie kabla ya kupitia jua au friza.

Majani ya mwarobaini na karafuu naweka na mimi, harufu yake naipenda. Ila kiwavi aliyekwisha kuingia sijaona yakimtoa.

Binti wa Gungu

Nimerudi baada ya wiki tatu. Kiota kilikuwepo, fundi! Juu ya kabati kabisa, kimejaa manyoya ya kuku na nyuzi za buluu ndani yake. Kaka kakitoa na kuziba tundu la dari. Koti lilikaa siku 14 kwenye friza ya mama anayeuza migebuka, limefungwa vizuri, halikushika harufu. Jana na leo nimekagua, hakuna kipya. Nimebaki na matundu tisa. Nitie viraka?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Kiraka hapana. Matundu hayo yanatililiwa. Fungua pindo la chini kwa ndani, chomoa nyuzi zake zenyewe, maana rangi ya buluu iliyozeeka na koti huwezi kuipata dukani. Tumia sindano nyembamba, anzia pembeni mwa tundu penye kitambaa kizima, pitisha nyuzi za wima kwanza, halafu za mlalo juu-chini juu-chini kama unasuka ukili. Usivute, litajikunja. Anza na ya kwapani yasiyoonekana ili mkono uzoee, kola iwe mwisho. Ukimaliza weka kitambaa kibichi juu, piga pasi taratibu. Kabla ya kulirudisha kabatini, lifuliwe au lipelekwe kwa dobi, jasho lote litoke, na kila mwezi litoe ulikung'ute juani.