Wanafunzi na oda chini ya paa moja: wachanganyike, siku maalumu, au kambi ya wiki?

Chanuo_na_Sindano (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimeishi nalo miezi sita, sasa limenishinda nalileta kwenu.

Nina karakana ya kufuma na kushona. Kufuma kwa kitanda cha mfumi, mtande (nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani) na mshindio (uzi unaopita kati yake kwa upana), si kwa sindano mbili. Vitanda vikubwa vya pedali ni 2, vidogo vya kuweka mezani 4. Cherehani 5: tatu za nyumbani, mbili za kiwandani, pamoja na ovaloki moja (ya kumalizia kingo za kitambaa). Mafundi tuko 3. Wanafunzi walianza wawili, leo wamefika 9, na oda hazijapungua hata moja.

Juzi nilikuwa napinda pazia la mteja la kuchukuliwa asubuhi yake. Kwenye mita 3 za pindo nimeinuka mara saba. Huyu bobini imemkwama, yule kaunga mkono wa blauzi ndani nje, mwingine anataka tu nimwambie kama yuko sawa. Nilipolitundika pazia niliona kila mahali nilipoinuka: mshono una kigoti kidogo, na vigoti ni saba. Nimelifumua.

Njia ninazozipima ni tatu. Ya kwanza ni hii ya sasa, wanafunzi na kazi siku zote pamoja. Ya pili, siku 2 za wiki ziwe za wanafunzi tu, oda isiguswe. Ya tatu, kambi: wiki nzima ya mafunzo, halafu wiki kadhaa za oda bila mwanafunzi ndani.

Mliopita huku, ipi iliwafaa? Msinijibu "inategemea", hilo nimeshajiambia mwenyewe.

Mkasi_Mkali

Changanya. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na wangu nawafundisha hivyo. Mwanagenzi asipoona kazi ya kweli ikishindana na saa, atajua kushona lakini hatajua ufundi.

Tatizo lako ni kuinuka, ratiba haina kosa. Nina kitambaa chekundu. Kikiwa begani kwangu, haniiti mtu mpaka nifike mwisho wa mshono. Aliyekwama anaweka kazi yake pembeni, anachukua kazi ya kungojea: kukata nyuzi zinazoning'inia, kushona vifungo, kukata upapi. Nikikitoa kitambaa naanza kuzunguka, na nusu ya maswali nakuta yameshajijibu.

Hiyo bobini iliyokwama, nakubashiria: haikuwa bobini. Mwanafunzi alitunga uzi wa juu mguu wa cherehani ukiwa chini. Visahani vya mkazo, vile vinavyoushika uzi wa juu, vimebana, uzi umepita juu juu bila kuingia kati yake, chini ya kitambaa kikaota kichaka. Kwa kuwa kichaka kiko chini, lawama inakwenda kwa bobini. Wafundishe siku ya kwanza: inua mguu, vua uzi wote, tunga upya, ndipo umwite mwalimu.

Vitanzi400

Ndugu Mkasi anasema kweli, ila ni kweli ya fundi cherehani. Mshono ukiukatiza unaurudia. Mtande ukishapanda kitandani ni mpangaji, humtoi mpaka muda wake uishe. Ukiwa na oda ya mteja kwenye kitanda, mwanafunzi atafumia wapi? Na ukiwa na mtande wa mwanafunzi anayekuja saa 2 kwa wiki, kitanda chako kimekaa mwezi mzima kinamsubiri yeye.

Nami nilichanganya, mpaka siku moja. Nilikuwa nimepima mtande wa nyuzi 320 kwenye ubao, nikaufunga vizuri pale zinapopishana, kwenye ule msalaba. Mwanafunzi mmoja mwenye moyo wa kusaidia akaona vile vifundo vyekundu, akadhani ni kamba za kufungia mzigo, akavikata. Wasiofuma wanaosoma hapa niwaambie tu: msalaba ndio unaokwambia uzi upi unafuata upi. Ukipotea, mkononi umebaki na mkia wa farasi. Tulikaa siku mbili tukichambua uzi mmoja mmoja, ya tatu tukaacha. Kumgombeza sikuweza, kwa sababu alipokuwa anavikata mimi nilikuwa chumba kile kile, nimeinamia kazi ya mteja.

Kufuma ni kambi. Siku ya kwanza hesabu na kupima mtande. Ya pili kupitisha nyuzi kwenye chanuo (kitana kinachozitenganisha na kusukuma mshindio) na vitanzi (macho yanayoinua na kushusha nyuzi). Ya tatu kufunga, kusawazisha mkazo, na kipande cha majaribio. Siku zinazobaki ni kufuma. Wiki ikiisha kitanda kitupu.

Chanuo_na_Sindano

Vitanda vikubwa ni 2 na wao ni 9, Vitanzi. Hapo nafanyaje?

Vitanzi400

Mtande mmoja wa pamoja. Chukua watu wanne, kila mmoja anataka skafu ya sentimita 180. Kitambaa kinapofumwa uzi wa mtande hupandashuka, kwa hiyo ongeza kama asilimia 10, sema mita 2 kwa mtu. Zile ncha za nyuma na mbele ambazo hazifumiki, kwenye kitanda changu ni kama sentimita 80. Kila mtu na mtande wake: mita 2.8 mara 4, mita 11.2. Wakishirikiana: mita 8 na 0.8 ya ncha, 8.8. Umeokoa mita 2.4, na kwa nyuzi 320 hizo ni mita 768 za uzi ambazo zingekwenda kwenye pipa. Kumbuka pia kitambaa kitarudi kidogo kikioshwa, usipime kwa kubana.

Nyuzi_Mbilimbili

Dada Vitanzi, hesabu yako haina kasoro, lakini umesahau mtu wa nne. Wa kwanza kapima, kapitisha, kafunga. Wa nne kaja kukalia kiti cha moto, kafuma tu. Akienda nyumbani hajui kupandisha mtande, na kupandisha mtande ndiko nusu ya kazi yenyewe. Nimepokea wanafunzi wa namna hii kutoka kwa walimu wengine. Wana skafu nzuri, ukiwakabidhi kitanda kitupu wanakitazama kama kimeshuka jana.

Halafu mikono. Mmoja anapiga chanuo kama anagonga mlango wa mdeni, mwingine anagusa. Kwenye mtande wa pamoja mkazo unavurugika na anayefuata anarithi ugonjwa asiousababisha.

Vile vidogo vyako vinne vya mezani ndivyo dawa. Kila mtu apandishe mtande mwembamba wa nyuzi 60 kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho, akosee, afumue, apandishe tena. Uzuri wake kitanda kidogo unakibeba na mtande wake, unakiweka rafuni, meza inabaki ya oda. Mpangaji wa Vitanzi anahamishika! Kikubwa wakigusie baadaye.

Vitanzi400

Ya mtu wa nne nimeikubali. Kwangu siku hizi wote wanne wanapitisha vitanzi, kila mmoja nyuzi 80 zake, na wa pili anakagua za wa kwanza. Kosa moja la kitanzi likigunduliwa baada ya kufuma sentimita 20 linafundisha kuliko mhadhara wangu wowote.

PedaliPolepole

Mnazungumza ratiba, mimi nauliza mashine. Hizo 2 za kiwandani wanafunzi wanazigusa? Cherehani ya nyumbani inakwenda stichi mia kadhaa kwa dakika, nyingi hazivuki 1,000 kwa mbali. Ya kiwandani inaweza kufika 5,000. Mgeni akikanyaga pedali kwa mguu mzima, kitambaa kimeshafika upande wa pili yeye bado anashangaa. Na sindano haziingiliani: za nyumbani zina upande bapa kwenye shina, za kiwandani shina ni la duara. Kwangu walizichanganya kwenye kopo moja, nikapoteza asubuhi nzima kutafuta kwa nini stichi zinaruka.

Mkasi_Mkali

Kuwaficha mashine ya kazi ni kuwaahirishia woga. Funga mota ya servo, ile ambayo kasi yake unairekebisha, punguza mpaka itambae, waanze nayo. Ukiwa na ile mota ya zamani ya klachi, inayozunguka muda wote, hapo nakubaliana na Pedali: isubiri.

Kopo la sindano ni kosa lako, mkuu, si la wanafunzi.

PedaliPolepole

Haya, nimelipokea.

Bibi_Chaki

Wanangu, mimi ndiye wa siku maalumu, miaka mingi. Siku 2 za wanafunzi, milango ya oda imefungwa. Utulivu upo, sikatai. Ila hakuna anayekwambia kuhusu asubuhi inayofuata. Unakaa kwenye cherehani yako, unashona, uzi unakatika. Kumbe jana mtu kazungusha mkazo kutafuta dawa ya tatizo lake, mwingine kabadili urefu wa stichi kwa ajili ya kubana marinda, na hakuna aliyerudisha. Mkasi wa kitambaa nao umekata pateni za karatasi.

Nilifanya mambo mawili. Cherehani 2 nimezizungushia utepe wa njano, hizo mwanafunzi hakai hata kama nyingine zote zimejaa. Zilizobaki, kila mmoja kabla ya kuondoka anashona kipande cha mabaki, pande zote mbili zikiwa safi, anakibana kwenye mashine kwa pini na jina lake. Nikija asubuhi nasoma vile vipande kama barua.

Sasa swali langu kwako, mwenye mada, na usinichukie. Hao 9 wanapochanganyika na oda, wanashona nini? Kama mtu analipa ada, halafu mchana kutwa anakata nyuzi na kushona vifungo vya wateja wako, huyo ni mwanafunzi au kibarua anayekulipa wewe? Na wewe Mkasi, hizo "kazi za kungojea" zinakuhusu.

Mkasi_Mkali

Bibi, shikamoo. Limenipata. Kwangu anayeingia kwenye oda halipi ada mwezi huo, na kitu chake kikienda kwa mteja anapata fungu. Lakini nakiri vifungo sikuwahi kuvihesabu.

Chanuo_na_Sindano

Bibi Chaki, marahaba hainihusu, shikamoo. Nimesoma swali lako nikafunga simu, nikarudi jioni. Wawili kati ya wale tisa wamekuwa wakishona foronya za oda tangu mwezi wa pili wao. Wanashona vizuri, ndiyo maana niliwaachia. Ada wameendelea kulipa. Hilo nalirekebisha kabla ya ratiba.

Kwa ratiba naona nilikosea kutafuta jibu moja kwa kazi mbili. Kushona kutachanganyika, mchana tu, asubuhi ni ya oda. Kitambaa chekundu nakichukua, na cherehani za kiwandani zitavaa utepe wa njano mpaka nipate mota ya servo. Kufuma kutakuwa kambi, na tarehe yake naifunga na kitanda: oda ikishuka, kabla nyingine haijapanda, hapo katikati ndipo wiki ya wanafunzi. Vidogo vinne vikae mezani muda wote kwa ajili ya nyuzi 60 za Nyuzi_Mbilimbili. Nitarudi kuwaambia.

Chanuo_na_Sindano (wiki sita baadaye)

Nimerudi. Kambi ya kwanza imeisha jana. Walikuja 7, wawili wamebaki kwenye kushona.

Siku ya pili ilikuwa mbaya. Nilidhani nyuzi 80 kwa mtu ni kazi ya asubuhi, tumemaliza taa zikiwa zimewashwa, na kitanda kimoja kilikuwa na uzi uliorukwa karibu na ukingo. Binti aliyekagua ndiye aliyeuona, kabla hatujafuma hata mstari, tukauongezea kitanzi cha uzi wa pamba tulichokifunga wenyewe. Ningekuwa peke yangu na pazia la mtu mkononi ningeugundua mwisho wa skafu.

Kitambaa chekundu kinafanya kazi kuliko nilivyopenda. Alhamisi nilikwenda kumuuliza mwanafunzi jambo nikakuta kakivaa yeye, anahesabu vitanzi. Nimesimama nikasubiri.

Sasa nina shida ndogo. Kitanda cha pili kimebakiwa na mtande kama sentimita 60 ambao hakuna aliyeufikia. Oda inapanda Jumatatu, nyuzi 320 zile zile. Nimalizie mwenyewe au nikate?

Vitanzi400

Kata, ila usivue kitu! Kama idadi ni ile ile na mpangilio wa vitanzi hubadilishi, acha nyuzi za zamani zikae kwenye chanuo na vitanzi vyake. Kata mbele ya chanuo, uache mkia wa kutosha kushika, halafu funga mtande mpya kwenye mikia hiyo, uzi kwa uzi, ukifuata msalaba. Ukimaliza, zungusha rola ya nyuma taratibu, mafundo yatapita yenyewe. Likikwama kwenye chanuo usivute, lisukume kwa kidole. Usipitishe upya hata kitanzi kimoja.

Na waite wale wa siku ya pili waje kufunga. Safari hii wasilipe.