Viwanja vinajengwa kwa kodi zetu, faida wanakula matajiri. Imetosha!

Wakuu,

Nimekaa na hili jambo moyoni wiki nzima, leo nalitoa.

Mpira naupenda, hilo lieleweke mapema. Asije mtu hapa kuniambia eti nawaonea wivu wachezaji au sijui michezo. Nashabikia tangu utotoni. Nimewahi kukaukiwa sauti kwa kushangilia, nimewahi kushindwa kula kwa sababu ya bao la dakika ya mwisho. Hasira yangu inatoka hukohuko kwenye mapenzi.

Wiki iliyopita mshahara umeingia, kodi imeshakatwa juu kwa juu kabla sijaugusa. Kinachobaki nacho kila nikikitumia nakatwa tena kwa kodi ya ongezeko la thamani. Sina mhasibu wa kunifichia hata senti. Jioni yake namwona mwanasiasa kwenye luninga, uso umejaa tabasamu, anatangaza kwamba fedha za umma zitachangia uwanja mpya na wawekezaji watapewa msamaha wa kodi. Na amelitangaza kama zawadi kwetu mashabiki!

Zawadi gani hiyo? Jengo tulilipie sisi, deni tulibebe sisi, mapato ya tiketi, matangazo na haki za televisheni achukue mwenye timu. Halafu siku ya ufunguzi mwanasiasa akate utepe na kukaa jukwaa kuu, mimi niliyelijenga nilipe kiingilio.

Na wanajua wanachokifanya, maana mifano ipo tele. Chukueni Montreal, Canada. Waliandaa Olimpiki mwaka 1976. Meya wao, Jean Drapeau, aliwahi kutamba kwamba Olimpiki haiwezi kupata hasara kama ambavyo mwanamume hawezi kuzaa mtoto. Deni la michezo ile lilimalizwa kulipwa mwaka 2006. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua, akaajiriwa, akalipia sherehe asiyoiona, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye kodi ya tumbaku waliyowekewa wananchi. Meya hakulipa.

Seattle kule Marekani waliuangusha uwanja wao wa Kingdome kwa baruti Machi 2000, ukiwa haujafikisha hata miaka 25, na deni lake bado lilikuwa halijaisha. Wakaendelea kulipia kifusi hadi 2015. St. Louis ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu pale uwanja ulijengwa kwa fedha za umma ili kuvuta timu ya futiboli ya Marekani ije, na iliyokuja ni Rams. Ikachezea pale, mwaka 2016 mwenye timu akaihamishia Los Angeles kwenye fedha nyingi zaidi. Wananchi wakabaki na jengo na malipo yake. Mtu unaipenda timu, watoto wako umewavalisha jezi yake, kumbe kwa mwenye timu wewe ni kituo tu cha kupita.

Ndivyo hasa wanavyotubana. Mwenye timu anasema: nijengeeni, la sivyo nahama. Mwanasiasa hataki kuingia kwenye historia kama aliyeifukuza timu, kwa hiyo anasaini. Deni litakuja kuiva yeye akiwa ameshastaafu. Mapenzi yetu kwa timu yanageuzwa kuwa dhamana ya mkopo ambao hatukuuomba.

Najua kuna wa kujibu kwamba uwanja unaleta ajira na mzunguko wa fedha. Wachumi wamelichunguza hili kwa miongo mingi, na ni jambo ambalo hata wachumi wa itikadi zinazopingana wanakubaliana: fedha za umma zinazowekwa kwenye viwanja vya timu za kulipwa kwa kawaida hazirudi. Sababu haihitaji shahada kuielewa. Fedha ninayoitumia uwanjani Jumamosi ni ileile ambayo ningeitumia kwingine mjini. Haikuzaliwa mpya, imehamishwa tu kutoka kwa wafanyabiashara wadogo wengi ikaenda kwa tajiri mmoja. Na ajira zenyewe ni za siku chache za mechi.

Sasa tuje kwenye Kombe la Dunia, maana huko ndiko msamaha wa kodi ulikofikia kilele. FIFA imesajiliwa Uswisi kama chama, na nchi ikitaka kuandaa mashindano hutakiwa iahidi kuilegezea kodi. Brazil walitunga sheria ya misamaha hiyo mwaka 2010. Fikiria: taifa linagharimia viwanja, barabara, viwanja vya ndege na ulinzi, na chombo kinachobeba mapato ya televisheni na wadhamini ndicho kinachosamehewa. Mama anayeuza bidhaa nje ya uwanja hasamehewi; anafukuzwa asikaribie eneo la wadhamini.

Pale Manaus, katikati ya Amazon, ulijengwa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 katika mji ambao haukuwa na timu ya ligi kuu. Zikachezwa mechi nne za Kombe la Dunia 2014. Nne! Uwanja wa Brasília uligharimu kuliko yote ya mashindano yale, na mwaka uliofuata eneo lake la maegesho likawa linatumika kulaza mabasi. Juni 2013 Wabrazil walikuwa wameshaingia barabarani, kwanza kwa sababu ya nauli za basi kupandishwa, kisha wakaanza kubeba mabango ya kudai hospitali na shule za kiwango cha FIFA. Huwezi kuwaambia Wabrazil hawapendi mpira. Waliona tu kwamba serikali iliyosema haina fedha za wagonjwa ilikuwa nazo za viti vya uwanja.

Ligi tajiri nazo hazina aibu. Ofisi kuu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ilikuwa imesajiliwa kama taasisi isiyolipa kodi ya mapato hadi ilipoiacha hadhi hiyo mwaka 2015. Vilabu vyenyewe vililipa kodi zao, hilo niliseme kwa haki. Lakini ofisi hiyohiyo iliwahi kumlipa kamishna wake zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka mmoja. Hicho ndicho kinachoitwa chombo kisicho cha faida?

Wachezaji siwachukii. Wana miaka michache ya kutumia miguu yao na wao ndio tunaokwenda kuwatazama. Ila tajiri akikwepa kodi amekwepa, hata akiwa kipenzi changu. Messi alitiwa hatiani Uhispania mwaka 2016, Ronaldo akakiri kosa mwaka 2019, wote kwa mapato ya haki za picha zao yaliyopitishwa kwenye kampuni za nje. Walipewa vifungo vya nje na faini. Na bado mashabiki tunawapigia makofi. Tunajidhalilisha.

Halafu kuna hili la Manchester United ambalo mpaka leo silimezi. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua kwa fedha nyingi za mikopo, na mikopo hiyo ikatwikwa klabu yenyewe, klabu ambayo haikuwa na deni. Riba zimelipwa kwa jasho la shabiki anayenunua tiketi na jezi. Sheria iliruhusu. Nani aliitunga sheria ya kuruhusu mtu anunue kitu kwa deni la kitu chenyewe, na wanasiasa walikuwa wapi?

Hapa nyumbani kwangu sasa nina ving'amuzi viwili. Ligi moja huku, kombe jingine kule, kila kifurushi na bei yake, na msimu huu mechi za timu yangu zimegawanywa kati ya kampuni mbili. Nimelipa kodi, nimelipa vifurushi, na Jumamosi iliyopita nimeangalia mechi kupitia matokeo ya maandishi kwenye simu.

Msiniambie hakuna njia nyingine. Ujerumani wana kanuni ya 50+1, wanachama wa klabu wanabaki na kura nyingi, ukiacha vilabu vichache vyenye ruhusa maalumu. Green Bay Packers, timu ya NFL, inamilikiwa na mashabiki wake tangu 1923, itahama vipi? Mwaka 2015 meya wa Boston alikataa kusaini dhamana ya kubeba hasara za Olimpiki, mpango ukafa. Mwaka huohuo Hamburg, Ujerumani, walipiga kura ya maoni wakakataa kuandaa Olimpiki. Aprili 2021 vilabu 12 vikubwa vya Ulaya vilitangaza Super League, ligi yao ya kujitenga, mashabiki wakamiminika nje ya viwanja, na ndani ya siku mbili vilabu vyote sita vya Uingereza vilikuwa vimejitoa. Kwa hiyo wanatuogopa tukisimama.

Kwa uwanja huu uliotangazwa nimemwandikia mbunge wangu barua. Nimeuliza mkataba uko wapi ili tuusome, umma utapata hisa kiasi gani, na timu ikihama nani atamaliza deni. Nimetaka pia ipigwe kura kabla fedha haijatoka. Mpaka leo sijajibiwa. Jumatatu naipeleka tena, safari hii kwa mkono na nakala ya kugongewa muhuri. Mwenye kutaka maneno ya barua aseme hapa niyaweke, naye ampelekee wa kwake.