Kimbunga Hidaya kinakuja: nivute mashua nchi kavu leo?

MvuviKilindoni (3 Mei 2024)
Jamani, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametoa tahadhari ya kimbunga, ila hapa Mafia bahari bado imetulia na vijana wanataka kutoka usiku. Nivute mashua leo au nisubiri taarifa ya kesho?

BabuLindi
Leo hii, mwanangu! Mawimbi hutangulia kimbunga. Shusha mashine, chomoa kizibo cha chini ya mashua, maji ya mvua yatoke yasiijaze. Usiifunge chini ya mnazi. Sisi Lindi kilitupiga Aprili 1952.

Mama Pwani
Usikazie macho mstari wa katikati, yaani njia ya jicho la kimbunga, kwenye ramani ya kituo cha vimbunga cha Réunion. Upepo na mvua hufika mbali na jicho. Nafuu kidogo: ni maji mafu, bahari haijai sana, siyo bamvua inapojaa mno.

MvuviKilindoni
Mashine imeshashuka. Natafuta watu wa kuvuta.